Babu wa Kuokota

Nyuk-Chin alikuwa amechuchumaa uani, ameugeuza utumbo wa nguruwe ndani nje na anausugua kwa chumvi na unga, binti yake Fui-Ying alipoingia langoni mbio, simu mkononi. Hakusalimu. Alisema amempata.

"Umempata nani?"

"Babu mkubwa, mama. Sura yake."

Nyuk-Chin hakuacha kusugua. Utumbo hauna subira, ukiuacha juani kidogo unaharibika, na hoteli zilikuwa zinasubiri soseji. Alimwambia binti aisogeze hiyo simu karibu, maana mikono yake yeye haikuwa ya kushika kitu cha mtu. Fui-Ying alipoinama, harufu ilimpiga mama puani mpaka akageuza uso. Chokaa na ngozi mbichi iliyolowa. Alijitazama mikono iliyojaa ute wa matumbo, akashangaa kwamba kuna kitu kinachonuka kuliko huo.

"Umekanyaga nini huko?"

"Ghala lenyewe ndivyo lilivyo," Fui-Ying alisema, akajinusa bega.

Alikuwa akishinda katika ghala la jumba la jumuiya, ambako picha na vitu vya Wachina wa kwanza waliokuja kufanya kazi ya ngozi hapa mtaani Tangra vilirundikwa masandukuni, panya wakalalia. Alikuwa anaandika historia ya familia za mtaa, kazi ya chuo ambayo baba yake, Khiong, aliiita kufukua makaburi bila jembe. Lakini Fui-Ying mwenyewe alikuwa na kiu nayo. Kila nyumba ya jirani ilikuwa na picha za wazee juu ya madhabahu. Kwa akina Hiung, yaani nyumbani kwao, mahali pa babu yake Khiong palikuwa na jina tu, limeandikwa kwenye karatasi nyekundu iliyopauka. Mzee yule alitoka Moiyan, kule Uchina, akafanya kazi kwenye mashimo ya chokaa ya kulowekea ngozi, akazaa mtoto mmoja, akafa. Hakuna aliye hai aliyewahi kumwona.

Picha haikuwa na jina. Ilionyesha mtu mwembamba aliyevaa aproni ya ngozi, mdomo wazi kidogo, masikio yamechomoza pembeni kama ya Khiong. Fui-Ying alikuwa ameyategemea masikio hayo. Bibi, mama yake Khiong, aliitazama simu kwa muda mrefu, machozi yakamtoka, akasema ni yeye, ni baba mkwe wake.

Nyuk-Chin alimuuliza anajuaje, na mzee alikufa kabla Bibi hajaolewa katika nyumba ile.

"Wewe osha utumbo," Bibi alimjibu. "Mambo ya damu tuachie wenye damu."

Picha ikakuzwa, ikatiwa kioo, ikapandishwa madhabahuni. Bibi aliwasha udi, akamwita mzee kwa cheo chake cha ukoo, akamkaribisha kula. Kisha akarusha vile vibao viwili vya kuulizia, vilivyochongwa kama mwezi mchanga, bapa upande mmoja na kubinuka upande wa pili. Kimoja kikilala bapa na kingine kikabinuka, jibu ni ndiyo. Vyote viwili vikionyesha ubapa, aliyeulizwa anacheka. Vilionyesha ubapa. Bibi akarusha tena, na tena, kicheko kilekile.

"Ana furaha," Bibi alisema. "Amefika kwake."

Kama ilivyo desturi, mzee alipokwisha kupewa muda wa kula, chakula kilishushwa kikaliwa na wa nyumbani. Bibi alitaka fungu la kwanza liwe la Fui-Ying, kwa kuwa ndiye aliyemleta.

Uharibifu ulianzia kwenye chakula. Nyama iliyopanda madhabahuni asubuhi ikiwa ya moto, mchana ilikuwa na utando wa ute unaovutika, na ukiibonyeza inatoa maji ya kijivu. Nyuk-Chin alidhani ni joto. Akakuta nywele katika wali, fupi, ngumu, za kahawia, nywele za ng'ombe, na katika nyumba ile ngozi haikuwahi kuingia tangu mashimo ya chokaa yaliyokuwa hapo yalipofukiwa na jiko kujengwa juu yake. Alizitoa akazitupa. Alipopanda darini kugeuza soseji alizoanika, ziligeuka zenyewe kabla hajazigusa. Alikata moja. Funza walimiminika mkononi mwake wakiwa wanene, wamelowa mafuta, na alizitupa zote akatapika juu yake.

Khiong alisema labda chumvi ilikuwa mbovu.

"Chumvi mbovu ndiyo ikoje?" mkewe alimuuliza.

Fui-Ying alikuwa anakula. Mwanzoni mama yake alifurahi, kwani alikuwa msichana wa kudonadona. Lakini alimaliza sufuria, akalikwangua, akalilamba, na bado alikonda mpaka mifupa ya mabega ikatokeza chini ya nguo. Daktari alimpa dawa ya minyoo. Pumzi yake ikawa ile harufu ya siku ya kwanza, na ngozi ya ncha za vidole ikaanza kulainika, kupauka na kuchubuka kama ngozi iliyokaa kwenye chokaa, naye aliing'ata akaimeza huku akitazama pembeni. Aliacha kwenda ghalani. Alisema hana haja ya kutafuta tena, na alisema hivyo akiwa ameketi chini ya madhabahu, mdomo wazi kidogo.

Ikafika adhuhuri moja, jua limewaka uani, watu wanapita nje wakibishana bei ya samaki, Nyuk-Chin akasikia sauti chini ya sakafu ya jiko, pwata, kisha kimya, kisha pwata, kama mtu anayegeuza ngozi nzito ndani ya maji mazito. Akapiga magoti akaweka sikio kwenye saruji, na saruji ilikuwa vuguvugu na yenye unyevu kama shavu la mtu, na harufu ilipanda kutoka kwenye nyufa ikamkaa kooni, na alipoinua kichwa alimwona binti yake amesimama mlangoni akitafuna, akitafuna, na mkononi hakuwa na kitu, na sahani hakuwa nayo, na kutoka kwenye pembe ya midomo yake kulining'inia unywele mfupi wa kahawia ambao ulimi ulitoka taratibu ukaurudisha ndani.

"Mama," Fui-Ying alinong'ona. "Nina njaa. Siyo mimi, lakini nina njaa."

Nyuk-Chin hakulia. Alichota mchele kutoka pipani, akaufunga katika leso, akaenda kwa Bi Tshoi, muuza samaki ambaye pia huuliza mchele, yaani huwasikiliza wafu kupitia punje zake, kwa niaba ya wenye matatizo.

Bi Tshoi aliumwaga mchele kwenye sinia, akapitisha kidole. Alipiga miayo, akatetemeka, akatema tambuu ndooni.

"Nani mwingine anakula kwenu?"

Nyuk-Chin alimweleza juu ya picha, masikio na vibao.

"Na nyinyi mkaona anafurahi."

"Mama mkwe ndivyo alivyosema."

"Alikuwa anawacheka, mama. Mtu wa njaa ameitwa mezani kwa cheo cha mwenzake, akarushiwa na vibao aulizwe kama ni yeye. Usingecheka?" Bi Tshoi alisukuma sinia mbali kama sahani ya mtu mwenye upele. "Huyu alikufa shimoni akifanya kazi ya ngozi, hana wa kumzika. Miaka yote hiyo anaokoteza malangoni mwa watu."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu. Ameshapata."

Akamfundisha la kufanya. Huyo hafukuzwi kama mwizi kwa kuwa hakuvunja mlango. Anatolewa nje ya lango, anawekewa chakula chini, mahali pa wasio na ukoo, na mwanamke anayepika katika nyumba anamwambia usoni kwamba yeye si wa ukoo wao. Baada ya hapo mtu yeyote wa nyumba asimwite tena, hata kwa moyo. Akiitwa, atakuwa ameitwa na watu wanaomjua, na hapo msimtafute Bi Tshoi.

Jua lilikuwa bado juu Nyuk-Chin aliporudi. Bibi alisimama mbele ya madhabahu, mikono ameitanua.

"Utamtupa mzee wa mumeo barabarani?"

"Mama, huyu si mzee wetu."

"Ni masikio ya mwanangu yale."

"Masikio hata mbuzi anayo. Mtazame mjukuu wako."

Fui-Ying alikuwa amelala mkekani, tumbo limevimba, mashavu yameingia ndani. Khiong alimtazama binti, kisha akamshika mama yake mabega akamweka kando, na Bibi akaanza kulia kwa sauti ndogo kama anayeimbia mtoto.

Kioo cha picha kilikuwa na mafuta kwa ndani, yakitiririka polepole kutoka kwenye mdomo wa yule mtu mpaka kwenye aproni yake, na Nyuk-Chin alipoishika fremu ilimnata vidoleni, laini, yenye joto, kama amebeba kipande cha mnyama kilichochunwa sasa hivi, na alitaka kuitupa lakini akaikumbatia kifuani ili isianguke, akavuka ua huku ule ute ukipenya kwenye blauzi hadi kwenye ngozi yake, akavuka kizingiti, akaisimamisha kwenye ukuta karibu na mfereji wa maji machafu, akamwaga wali na nyama chini juu ya gazeti, akachomeka udi topeni.

"Sisi si watu wako," alisema. "Tulikosea, na wewe ulijua. Kula, uende."

Ndani, Fui-Ying alijibu kwa sauti ya mwanamume, katika lafudhi ya Moiyan ambayo hakuwahi kufundishwa.

"Mlinialika wenyewe."

"Ndiyo. Na sasa nakutoa. Kwangu huna bakuli."

Akaiwasha picha moto. Mafuta yalilipuka, mbwa wa mtaani aliyekuwa anaunyemelea wali akakimbia mkia miguuni. Kutoka ndani Khiong aliita. Fui-Ying alikuwa anatapika maji meupe ya chokaa, na ndani yake bonge la nywele za ng'ombe lenye ukubwa wa ngumi, ambalo mama yake alilizoa kwa koleo akalitia motoni bila kulitazama mara mbili. Msichana akaomba maji. Alikunywa kidogo, akasema inatosha. Ndilo neno ambalo Nyuk-Chin alikuwa hajalisikia siku nyingi.

Alichemsha majani ya balungi, akaosha sakafu, madhabahu, binti na yeye mwenyewe. Chini ya jiko kulikuwa kimya. Akapika uji wa mchele na chumvi tu, kwani hakuna aliyetaka kuona nyama.

Akawapangia mezani. Katika nyumba zao mdogo hagusi chakula kabla hajawakaribisha wakubwa, kwa mpangilio, kuanzia aliye juu. Fui-Ying alishika bakuli kwa mikono miwili.

"Bibi, karibu chakula. Baba, karibu chakula. Mama, karibu chakula."

Akaishia hapo. Nyuk-Chin alishusha pumzi. Msichana alikula vijiko vichache, akalisogeza bakuli pembeni, akasema ameshiba.

Bibi alikuwa hajaanza. Macho yake yalikuwa kwenye nafasi tupu ya madhabahu, na alisogea kwenye benchi kidogo, kama mtu anayempisha mwingine akae. Katika walio hai hakuwa na mkubwa wa kumkaribisha. Akainamisha kichwa, akasema kwa upole sana, "Baba, karibu chakula."

Khiong aliacha kula. Uji ulikuwa mezani, wa moto. Nyuk-Chin aliwahesabu kwa macho, mume, mama mkwe, binti, na wote walikuwepo, kila mtu mahali pake, na binti alikuwa ameshalivuta bakuli tena.