Mstari wa Chokaa Kwenye Chupa ya Sita

Odilon Vanderstappen alikuwa amelala chali chini ya ngazi ya stoo yake ya bia, mguu mmoja bado umening'inia kwenye kidato cha tatu. Kisogo kilikuwa kimepasukia kwenye sakafu ya matofali. Ilikuwa Jumapili, saa kumi alasiri, na upepo ulikuwa ukigonga madirisha ya Sint-Gerolf tangu asubuhi kama mtu anayedai kufunguliwa.

"Ameteleza," alisema Konstebo Bram.

"Anayeteleza akipanda huangukia mbele," alijibu daktari wa uchunguzi, akiwa bado amepiga magoti. "Huyu kaangukia nyuma. Na hapa kifuani kuna alama ya kiganja. Kasukumwa."

Inspekta Reinhilde Cosijns alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa akitazama ukutani, ambako chupa zaidi ya mia mbili za bia chachu, ile inayolazwa miaka kabla ya kunywewa, zilikuwa zimelazwa safu kwa safu. Hazikuwa na lebo. Alivuta moja taratibu. Chini ya tumbo lake kulikuwa na mstari mweupe wa chokaa. Akavuta ya pili, ya tatu. Zote mstari uko chini.

Alipanda juu.

Sebuleni walikuwa watatu, na hakuna aliyekaa. Tuur, mpwa wa marehemu, tarishi wa miaka arobaini na mitano, alikuwa akizunguka meza. Godelieve Stroobants, jirani, mwalimu mstaafu, alikuwa akikunja leso na kuikunjua. Ivo Clerebaut, mchanganyaji bia kutoka ng'ambo ya mto Zenne, rafiki wa Odilon wa miaka arobaini, alisimama dirishani akigongagonga kioo kwa kucha. Mezani kulikuwa na glasi, jibini, na karatasi za alama.

"Nani atanieleza mmefanya nini leo?"

"Tulionja bia, Inspekta," alisema Tuur. "Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mjomba anamimina jikoni, tunaletewa glasi bila kujua ni bia gani, tunatoa alama kwa kumi. Bia sita."

"Mimi nakujaga kwa ajili ya jibini," Godelieve aliongeza. "Usiniandike kama mtaalamu, mwanangu. Mtaalamu ni Ivo. Ni jaji wa bia wa mkoa mzima huyo."

"Bia ya tano ilipoisha?"

"Mapumziko. Robo saa."

"Mlikuwa wapi?"

"Nje, navuta sigara," alisema Tuur.

"Bustanini, naongea na binti yangu kwa simu," alisema Godelieve. "Alikuwa ananisema kuhusu mbwa."

"Chooni," alisema Ivo.

"Choo kiko karibu na mlango wa stoo."

"Choo kiko kilipojengwa, Inspekta."

Tuur alicheka kidogo, akajuta.

"Mliporudi?"

"Mjomba hayupo," Tuur alisema. "Lakini kikapu cha kumiminia kiko mezani jikoni, chupa ya sita ndani, imefunikwa kitambaa. Tukajua ameshaileta, kashuka tena kuchukua kitu. Tukamngoja, tukachoka. Nikamimina mwenyewe, kitambaa kikiwa juu yake. Bia ikatoka na mawingu, imechafuka mashapo. Nikasema, leo mzee kazeeka kweli. Ndipo nikashuka kumtania." Alizunguka meza mara nyingine. "Nilikuwa nashuka kumtania, Inspekta."

Inspekta aliingia jikoni. Kwenye jiko, sufuria ya nyama iliyopikwa kwa bia nyeusi ilikuwa ikichemka polepole chini ya mfuniko. Katika zogo lile hakuna aliyekumbuka kuizima. Alifunua kitambaa cha kikapu. Chupa ya sita ilikuwa imelala, nusu tupu. Mstari wa chokaa ulimtazama yeye. Ulikuwa juu.

"Bram, niletee chupa tatu kutoka chini. Ziwe zimesimama. Na vikapu vyote utakavyoona."

Dakika tano baadaye aliwapanga wale watatu mbele ya meza ya jikoni, kila mmoja na chupa yake na kikapu chake.

"Nataka kila mtu aweke chupa kikapuni, tayari kwa kumiminwa. Basi."

"Mchezo gani huu, na mtu kafa?" Godelieve alifoka. Akaitumbukiza chupa yake ikiwa wima. "Si isimame tu? Si ina kitako?"

Tuur hakufikiri. Aliizungusha chupa mkononi mara moja, akailaza mstari ukiwa chini. "Mjomba angenipiga kofi nikikosea. Mashapo yanakaa upande wa mstari. Ukiigeuza, umeyamwaga yote ndani ya bia."

Ivo aliilaza yake kwa upole, kama anayelaza mtoto. Akaisogeza kidogo, mpaka mstari ukawa juu kabisa. Akarudisha mikono mifukoni.

Tuur na Godelieve waliutazama mstari ule.

"Kwenu ng'ambo mnaweka juu?" aliuliza Inspekta.

"Kila mtu wa ng'ambo anaweka juu. Babu zetu walipaka upande wa kutazama, wa kina Odilon walipaka upande wa kulalia. Tumebishana miaka arobaini."

"Basi Odilon hakuilaza ile chupa ya sita. Wala Tuur. Na Godelieve angeisimamisha."

"Hayo ni mazoea ya mikono, Inspekta. Siyo ushahidi."

"Ni kweli." Alichukua daftari la marehemu lililokuwa kando ya jiko, pamoja na karatasi za alama. "Ila Odilon aliandika hapa: *ya pili na ya tano ni pipa moja.* Aliwamiminia bia ileile mara mbili. Tuur, wewe uliipa saba, tena ukaipa saba. Bwana Ivo, uliipa tisa, halafu tatu. Kwa nini?"

"Nilichoka. Ulimi unachoka."

"Na Godelieve kaipa nane, halafu nne."

"Nimeshakwambia mimi ni mtu wa jibini!"

Ivo alianza kueleza. Alieleza jinsi ulimi unavyolewa kabla ya kichwa, jinsi chumvi ya jibini inavyopotosha uchachu, jinsi jaji mzuri anavyoweza kukosea mara moja kwa mwaka. Alizungumza vizuri, bila kupumua. Konstebo Bram alikohoa. Godelieve akaziba pua kwa leso. Tuur akageuka kutazama jiko.

Ivo, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwenye sufuria, aliendelea kueleza.

"Bwana Ivo," Inspekta alimkatiza. "Nini kinaungua?"

Ivo alitazama uso wa Tuur. Akatazama uso wa Godelieve, kisha wa Bram. Ndipo alipofuata macho yao mpaka kwenye sufuria.

"Nyama," alisema.

"Imeungua zamani. Pua yako ilikufa lini?"

Tuur alizima jiko. Kwa mara ya kwanza alasiri ile hakuna aliyekuwa akitembea, akigonga wala kukunja kitu.

"Miaka miwili," alisema Ivo. Alivuta kiti, akakaa. "Mafua tu. Niliamka siku moja, dunia nzima maji. Nikasema itarudi. Nachanganya mapipa kwa kumbukumbu, kwa macho, kwa kusikiliza povu. Watu wananunua, wanasifu. Wanasifu jina."

"Odilon alijua?"

"Alinishuku. Leo akanitega. Nilimfuata stoo, akanipa chupa nimshikie, akaniambia kama anayeongelea hali ya hewa: 'Ivo, Jumamosi nawaambia majaji wenzetu. Pumzika. Umefanya kazi ya kutosha.' Nikamwomba. Nikamwambia mtu mwenye pua iliyokufa kwetu ni sawa na kengele isiyo na ulimi, nitaning'inia tu watu wanitazame. Akasema tutaongea tukila. Akaanza kupanda, nami niko juu yake kidatoni. Nilimsukuma arudi tu, tumalize kuongea. Mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na chupa."

"Ukaileta juu."

"Ili mfikiri alishapanda. Nikailaza." Alitazama viganja vyake. "Sikumbuki hata kuilaza."

"Kisha ukaketi, ukaonja."

"Ilibidi. Ningekataa mngejiuliza." Alicheka bila furaha. "Tangu pua ife, sionji bia, naonja nyuso. Tuur uso wake ni kama mlango uliofungwa. Ila Godelieve akikunja midomo najua ni chachu mno, akiinua nyusi najua ni nzuri. Leo kwenye ya tano amekunja midomo, nikaandika tatu. Miaka miwili nimehukumu bia za mkoa mzima mezani hapa kwa uso wa huyu mama."

Godelieve aliishusha leso kutoka puani. Machozi yalikuwa yakimtoka, ya moshi au ya kitu kingine.

"Ivo," alisema. "Mimi nilikuwa nakuangalia wewe."