Dripu Kumi na Tano Ambazo Sikuwahi Kuweka

Je, mimi ni muuguzi kweli? Swali hilo lilininyima usingizi wiki tatu. Nina miaka ishirini na sita, cheti ninacho, sare ninayo... lakini je, kazi ninaijua?

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa kuwaza sana. Nikifunga mlango narudi mara mbili kuhakikisha. Ila hili sikuliwaza pale nilipopaswa.

Nilikuwa mwaka wa pili korona ilipoingia, chuo kikafungwa. Tuliporudi, wodi zilipokea wanafunzi wachache tu. Sisi wengine tulifundishwa kwa video za simu. Dripu nilijifunzia mkono wa plastiki, tena kwa foleni. Mkono ule hautoki jasho, hautetemeki, na mshipa wake haukimbii...

Kitabu cha mazoezi, hata hivyo, kilidai dripu kumi na tano, kila moja na sahihi ya muuguzi wa wodini. Rafiki yangu Happiness, kiongozi wa kundi letu, alivikusanya vitabu. Vikarudi vimejaa sahihi. Nilipomuuliza zimetoka wapi, akanijibu, "We Rehema, shukuru Mungu, acha maswali."

Nikashukuru.

Nilifaulu, lakini ajira hakuna. Miaka mitatu nilimsaidia mama kuuza vitenge Kariakoo, hadi mwaka huu hospitali ndogo maeneo ya Msimbazi iliponichukua.

Siku moja akaletwa Mama Massawe, jirani yetu wa duka, hoi kwa kutapika na kuhara. Alikataa wauguzi wengine. Alimtaka "binti yetu wa Kariakoo".

Nilichoma mara moja, mbili, tatu. "Mwanangu," akasema kwa sauti iliyokauka, "unatafuta mshipa au unachimba kisima?" Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka...

Ya nne nikadhani imeingia. Nikaandika kwenye fomu kwamba dripu inaenda vizuri. Kumbe maji yalikuwa yanaingia kwenye nyama! Robo saa baadaye mkono umevimba kama andazi, na mwenyewe akiitwa haitiki. Sista Anna, mkuu wa zamu, alimwokoa kwa kumwekea dripu nyingine mkono wa pili, akichoma mara moja tu.

Mama Massawe alipona. Akamwambia mama yangu kwamba kosa ni la mishipa yake. Afadhali angenitukana.

Nilimpigia Happiness, nikamsihi twende chuoni tukaseme ukweli. "Unataka kutuzamisha wote kwa ajili ya mkono mmoja uliovimba?" akauliza. Kisha akaizuia namba yangu.

Nililaumu korona, nikalaumu chuo, nikamlaumu Happiness. Lakini kitabu kile nani alikipokea akanyamaza? Wewe uliyesoma kipindi kile kama mimi, tafadhali, usisubiri mgonjwa ndiye akufichue. Sema hujui, ufundishwe.

Jumatatu nilimpelekea Sista Anna kitabu changu, sahihi zote kumi na tano nimezikata kwa wino mwekundu. Alikipekua taratibu. "Unajua naweza kukusimamisha kazi?"

Nikamwambia najua. Nikaomba nisishike sindano peke yangu mpaka niweke dripu kumi na tano mbele yake. Akanipa trei ya vifaa, nikaibeba, nikamfuata wodini.