Mlezi wa Kaburi Namba 214

Sirley aliamka kutoka usingizi wa mchana nywele zikiwa zimesukwa.

"Nani kakusuka?" mama yake, Yamile, akamuuliza.

"Si yule mama."

"Mama yupi? Humu ndani tupo wawili tu."

"Anayegonga ukutani. Akigonga mara tatu, mimi namwambia ingia."

Yamile akazishika zile nywele. Zilikuwa zimelowa, zinanuka tope la mto, na mtindo wenyewe, mistari minne ikikutana kisogoni, hakuwahi kuuona kwa mtu yeyote pale Puerto Lajas. Moyo ukamlipuka, kwa sababu kugonga mara tatu alikujua vizuri.

Katika mji ule mto ulileta maiti wasio na majina, na wenyeji hawakuwatupa. Mtu alijichagulia marehemu mmoja, akawa mlezi wake. Alimpa jina, akampelekea maua, akagonga kaburi lake mara tatu kumwamsha, kisha akamweleza haja zake. Lakini ukishamchagua, umemchagua. Mfu si paka, umwokote leo na kesho umwache njiani.

Yamile alikuwa karani wa makaburi ya parokia. Wiki ile alikuwa akiyahamishia madaftari ya zamani kwenye kompyuta. Alitengeneza majedwali mawili, moja la marehemu na moja la walezi, akayaunganisha kwa namba ya kaburi. Fomu kubwa ilionyesha marehemu mmoja. Ndani yake fomu ndogo iliorodhesha walezi wake. Na kwa kuwa kila Novemba baadhi ya makaburi yasiyo na mlezi yalifukuliwa, akaweka sheria kwamba marehemu akishapata mlezi, kompyuta isikubali abaki bila mlezi. Aliiweka kwa huruma, maskini.

Asubuhi ile akaijaribu fomu. Mwingine angeandika jina la ovyo. Yeye aliandika jina lililokuwa karibu na moyo wake: Sirley Urrego, miaka saba. Kaburi lililokuwa kwenye skrini mbele yake lilikuwa namba 214, mwanamke, hajulikani, ametolewa mtoni. Fomu ikakubali. Akafurahi, akaenda nyumbani kula bila kulifuta lile jina.

Sasa akamshika mtoto mkono, wakakimbia hadi ofisini juani. Akaifungua fomu, akalifuta jina. Likarudi. Akalifuta tena, na kompyuta ikamwandikia maneno aliyoyatunga mwenyewe: *Marehemu huyu hawezi kuachwa.* Harufu ya tope ikajaa chumbani, nzito, ikamkaa kooni, na kabla hajageuka akasikia kabati la madaftari likigongwa kwa ndani, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, polepole, kama mgeni mwenye adabu anayejua kwamba mwenye nyumba yumo, na Sirley akachomoa mkono wake, akalisogelea lile kabati huku akitabasamu, akafungua kinywa kusema ingia.

Yamile akamziba mdomo, akambeba hadi kwa Don Evelio, mzee anayeziombea roho za wafu pale makaburini.

"Uliandika jina la mtoto?" mzee akanong'ona. "Mwanangu, umesoma hadi umepitiliza?"

"Nilikuwa najaribu tu, Don Evelio."

"Wewe ulijaribu. Yeye kaitika."

"Basi naivunja ile sheria, nalifuta jina."

"Halafu umwambie nini? Kwamba ulimpa mtoto kwa mzaha? Miaka kumi na moja hakuna aliyegonga kwake. Leo kaitwa. Unadhani ataondoka?"

Yamile akaanza kulia. "Nifanye nini? Sina mwingine ila huyu."

Mzee akamtazama, Yamile akayakwepa macho yake.

"Mlezi hafutwi, binti. Hupokelewa. Atokee mtu aseme, mzigo huu ni wangu."

Yamile akamwacha mtoto kwa mzee, akarudi ofisini peke yake. Aliandika Yamile Urrego mahali pa jina la mwanawe. Penye nafasi ya jina la marehemu akaandika Rosalba, akampa na ukoo wake mwenyewe, Urrego. Safari hii kompyuta haikubisha. Akaenda kwenye kaburi 214, akagonga mara tatu.

"Dada Rosalba," akasema, "mtoto si wako. Wako ni mimi."

Harufu ikatoweka.

Asubuhi aliamka kabla ya Sirley, akainamia kitanda chake. Nywele za mtoto zilikuwa kavu, zimevurugika kama siku zote, zinanuka sabuni. Yamile akambusu, akalia kwa furaha, akashukuru watakatifu wote aliowakumbuka. Kisha akahisi maji yakimtiririka mgongoni. Akapeleka mkono kisogoni, akaihesabu kwa vidole mistari ya msuko. Ilikuwa minne.