Mamba wa Aurelia

"Gemu langu hata bibi yangu akisinzia atashinda."

Aurelia, wa kidato cha kwanza pale Ifakara, alitamba hivyo kila Jumatano kwenye klabu ya kompyuta. Gemu lenyewe lilikuwa la msichana anayeshuka mtoni kuchota maji huku mamba akimvizia. Halikuwa jambo la mzaha. Mwezi Machi mamba alikuwa amemchukua mtoto wa miaka sita kule Kivukoni, na Mwalimu Gosbert alitaka watoto wadogo wajifunze kujihadhari.

"Umewajaribisha wasiowahi kucheza?" Mwalimu alimuuliza Jumatatu moja asubuhi.

"Ndiyo, Mwalimu. Jumamosi nilikwenda Kivukoni kwenyewe. Kumi walicheza, kumi wakashinda."

Kumbe Jumamosi alishinda kutwa kwa binamu yake Nassib, bingwa wa gemu ambaye ugali hupoa mbele yake akibonyeza simu. Nassib alisema, "Mamba wako goigoi. Mwongeze mbio." Aurelia akamwongeza.

Mchana huohuo Mwalimu alimpeleka Kivukoni, pamoja na kompyuta ya klabu na kishikwambi. Wa kwanza kucheza alikuwa Dativa wa darasa la tatu. Kidole chake kilikuwa bado kinatafuta pa kubonyeza, mamba akamla. Akarudia, akaliwa. Mara ya tatu akaliwa tena, watoto wenzake wakitazama.

"Dada," mmoja alimnong'oneza Aurelia, "yule mtoto wa Machi ni mdogo wake."

Dativa alirudisha kishikwambi kwa mikono miwili. "Kumbe Dionisi hata angekimbia, angeliwa tu."

Aurelia, mwenye jibu la kila kitu, alisogea karibu naye. Akachuchumaa. "Nielekeze, mdogo wangu. Huyu mamba nimemkosea wapi?"

"Mamba hakimbizi watu, dada. Anakungoja palepale ulipochota jana. Siku hizi mama anabadilisha mahali, na ndoo anaifunga kwenye mwanzi mrefu. Hasogelei maji."

Kwa saa nzima Aurelia alilivunja gemu na kulijenga upya. Akampunguza mamba mbio. Hatua ya kwanza ikawa ya kujifunza kuhama mahali na kuchota kwa mwanzi. Mbio za akina Nassib akazisukumia hatua ya mwisho.

Dativa akacheza tena. Aliliwa mara moja, kwa kurudi pa jana. Safari ya pili alihama, akachota, akapanda ukingo. Hakutabasamu. Alimpa mwenzake kishikwambi, akamwambia, "Usirudi pa jana."

"Umeona?" alisema Mwalimu Gosbert. "Anayejua atakusifu tu. Asiyejua ndiye anayekuonyesha kazi yako ilipopungua, na kumwendea kunataka unyenyekevu na ukweli. Sasa niambie, wale kumi wa Jumamosi walishindaje?"

"Wale walikuwa wakubwa kidogo, Mwalimu."

Dativa aliinua macho.

"Mwalimu, Jumamosi ilikuwa arobaini ya Dionisi. Watoto wote wa hapa walikuwa nyumbani kwetu. Dada huyu hakuja."