Gunia la Bibi Damari

Jumamosi, Dina wa darasa la sita alilisha kuku, akafagia uwanja, kisha akampelekea chai shangazi yake Cecilia. Shangazi huandika programu za kompyuta, na alikuwa amekuja Misigiri likizo na kazi yake mkononi. Tangu alfajiri alikuwa amekunja uso.

"Shikamoo shangazi. Bado haijapona?"

"Marahaba. Bado! Programu hii inafuatilia kazi zinazofanyika kwenye kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. Naiambia itafute majina yanayoanza na maneno fulani tu, yenyewe inaniletea na mengine. Sielewi kabisa."

Dina naye hakuelewa, tena alikuwa na lake kichwani. Juzi alitumwa mashineni wanakokamua alizeti, akalete gunia lao la alizeti ambazo zilikuwa bado kukamuliwa. Alama yao ni mistari miwili myekundu, halafu mmoja wa bluu. Magunia yalikuwa yamebanana ukutani. Aliona nyekundu, nyekundu, bluu, vijana wakampakilia kwenye mkokoteni wa punda. Kufika nyumbani, gunia lina miwili myekundu basi. Bluu imekwenda wapi? Aliligeuzageuza, mwisho akaligeuzia alama ukutani na kunyamaza. Jana Bibi Damari, jirani yao ambaye alama yake ni mistari miwili myekundu tu, alipita akiulizia alizeti zake, mafuta yake ya mwaka mzima. Dina aliangalia chini kwa aibu.

Sasa kukaa kimya kulimshinda. Aliangua kilio, akaeleza yote.

"Lakini bluu niliiona kwa macho yangu, shangazi!"

"Uliiona, ila ilikuwa ya gunia lililobanana nalo. Alama ya Bibi Damari iliishia kwenye nyekundu, wewe ukaendelea kusoma." Shangazi aliweka kikombe chini. "Ala! Na programu yangu inafanya hivyohivyo! Jina fupi likiisha, inaendelea kusoma herufi za jirani, inadhani zinalingana."

Akaongeza mstari mmoja kwenye programu: jina likiwa fupi kuliko maneno yanayotafutwa, liachwe. Alipojaribu, halikuja jina hata moja la ziada. Dina alifikiri yamekwisha, lakini shangazi alifunga kompyuta.

"Haya, mkokoteni uko wapi?"

Bibi Damari alipoona gunia lake alishika kichwa. "Maskini mimi! Asubuhi nimemwita mwenye mashine mwizi mbele za watu. Ngoja nikamwombe radhi."

"Twende wote, bibi," Dina alisema kwa sauti ndogo.

Njiani shangazi alimshika bega. "Kusoma vibaya ni kukosea tu, Dina, hata mimi nimekosea. Kugeuzia alama ukutani ndiko kulikomfanya mtu asiye na kosa aitwe mwizi. Ukikosea, sema siku ileile."