Bizari ya Beseni

Jumamosi Chiriku alimaliza kuosha vyombo mapema, akatumwa dukani. Jina hilo alibandikwa na baba yake, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

"Nunua bizari ya mchuzi, ya pakiti," mama alimwambia. "Soma nyuma imechanganywa na nini. Ukiona karanga, iache. Unamjua mdogo wako."

Chiriku alimjua. Mwaka jana mdogo wake alionja karanga kidogo tu, uso ukavimba, pumzi zikambana, akakimbizwa hospitali.

Lakini duka lilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Karibu na mashine ya kusaga, mama muuza viungo alikuwa amepanga mabeseni yake. Bizari yake ilikuwa ya manjano inayong'aa, na harufu yake ingemtoa nyoka pangoni.

"Nimesaga leo, mwanangu," alisema, huku akimalizia kumpimia mteja mwingine. "Hiyo ya pakiti imekaa mpaka imechoka!"

Chiriku akanunua. Alipofika nyumbani aliimimina yote kwenye kopo la jikoni.

"Pakiti iko wapi?" mama aliuliza.

"Nimeshaitupa, mama."

Mchana mchuzi ulinukia nyumba nzima. Wote walikaa mezani, na Chiriku akawa anakoroga mchuzi wake tu bila kuuonja. Alikuwa amekumbuka kitu. Yule mteja mwingine alikuwa amepimiwa unga wa karanga, na kikombe kile kile, bila kufutwa, ndicho kilichochota bizari.

Mdogo wake akainua kijiko.

"Usile!" Chiriku alimdaka mkono, mchuzi ukamwagika. Akasema yote, beseni, kikombe na uongo wa pakiti, huku machozi yakimtoka.

Mama alimrukia mtoto, akamkagua midomo. "Umeonja?"

"Bado," mtoto alijibu kwa uchungu. "Nilikuwa napuliza. Ni wa moto!"

Baba alishusha pumzi ndefu, kisha akacheka mpaka akajifuta macho. Mchuzi uliondolewa mezani, kopo likaoshwa, na mayai yakakaangwa. Hakuna mayai yaliyowahi kuwa matamu kama yale.

Mama alimvuta Chiriku karibu. "Nimekasirika, na nimeshukuru," alisema. "Uvivu na uongo vilimfikisha mdogo wako pabaya, ukweli ukamrudisha. Ila leo tumeokolewa na mchuzi wa moto. Siku nyingine, mwanangu, usingoje mpaka kijiko kiinuliwe ndipo useme."