Mwanamke Aliyekataa Kuondoka Porto

Nyundo ya plastiki ilimgonga Dalva utosini akiwa amesimama katikati ya umati, anakodolea macho nguo zilizoanikwa juu ya uchochoro. Akageuka na uso wa kutaka ugomvi. Gauni lake la njano lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, viatu kavishika mkononi, na jioni hiyo mji mzima wa Porto, Ureno, ulikuwa barabarani kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, watu wakigongana vichwani kwa nyundo za plastiki, moshi wa sadini ukipanda hadi madirishani.

"Unanipigia nini?"

"Kwa sababu ni leo," akasema mwanamume mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono. "Nikikupiga kesho utaniitia polisi. Haya, lipiza."

Akainamisha kichwa. Dalva akaichukua nyundo, akamtandika mara tatu.

"Mbona tatu?"

"Nyingine weka akiba."

Akacheka. "Kumbe Mbrazili. Nyinyi mnaongea kama mnaimba."

"Na nyinyi mnameza maneno kama hamjala tangu jana."

Jina lake Anselmo, fundi bomba wa mtaa ule wa Sé, mwenye mabega mapana na aibu ya mtoto akiangaliwa sana. Dalva alikuwa amekuja kutoka Belo Horizonte kwa likizo fupi, ya kwanza tangu aachane na mumewe. Lakini kabla hata ya Anselmo, mji wenyewe ulikuwa umeshamnasa. Alizipenda ngazi zake zilizomchosha magoti, kuta za mawe zinazotoa unyevu, na wanawake wanaogombana kutoka dirisha hadi dirisha kisha wanaombana chumvi. Kwao, tangu mama yao afariki, kila mtu alimwita alipokuwa na shida. Hapa hakuna aliyemwita, naye akagundua kuwa bado anajua kupiga mluzi.

Siku zilizofuata walizunguka pamoja. Walikula supu ya kabichi kwa kijiko kimoja, wakabusiana kwenye kivuli cha daraja la chuma, watu wakipita na mizigo yao.

"Ukirudi kwenu utanisahau," Anselmo alisema.

"Nani kakwambia narudi?"

Dalva alisema kwa utani. Usiku ule hakupata usingizi.

Kesho yake mchana akamwongoza Anselmo hadi kwenye mlango wa buluu, akauonyesha kwa fahari. "Hapa ndipo nilipofikia. Jikoni kuna vigae vya zamani, maua ya kijani. Njoo uone."

Anselmo hakusogea. Mkono wake ukatoka mkononi mwa Dalva.

"Navijua. Nimevifuta mafuta ya kukaangia tangu utoto. Humo aliishi shangazi yangu Deolinda, tangu siku aliyoolewa. Mwenye nyumba alimtoa ili alaze watalii."

"Mimi sikujua, Anselmo."

"Hamjui kamwe. Mnakuja, mnapenda, mnapiga picha, mnaondoka."

Akashuka ngazi bila kugeuka. Dalva alimpigia simu, haikupokewa. Akapiga tena. Ya tatu hakupiga. Na yeye alikuwa na kiburi chake.

Asubuhi alipofungua mlango, alimkuta bibi mmoja ameketi kizingitini, gauni jeusi, pete za dhahabu masikioni, mkoba umelazwa mapajani.

"Bibi, kuna mtu unamsubiri?"

"Simsubiri mtu. Nakuja kwa basi kila siku, nakaa kwangu, narudi walikonitupa."

Dalva akamjua. "Karibu ndani, shangazi."

"Wamenikataza."

"Wewe wamekukataza. Mimi hawajanikataza kupokea mgeni."

Deolinda aliingia taratibu. Akagusa vigae kimoja kimoja, akafungua dirisha kwa pigo la kiwiko, akapaza sauti uchochoroni: "Nyie! Nimerudi!"

Majirani walikuja na vitunguu, samaki mkavu, divai. Nyumba ikajaa mvuke na vicheko. Mchana Bi Patrícia, msimamizi wa nyumba, akafika na visigino vyake virefu.

"Mgeni aliyeandikishwa ni mmoja tu. Huyu mama atoke."

"Nyumba nimeilipia hadi Jumapili," Dalva akajibu, mwiko mkononi. "Shangazi analala kitandani, mimi nalala chini. Ukitaka kututoa, tubebe."

Bi Patrícia akatazama zile nyuso zote jikoni. Hakuna aliyempisha. Akaondoka akiahidi kushtaki.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake, Neusa.

"Dalva, hizo kelele ni za nini? Umelewa?"

"Napika."

"Likizo gani hiyo ya kupika? Jumapili nakuja kukupokea."

"Usije, Neusa. Sirudi."

"Umerogwa na huyo mwanamume uliyenisimulia?"

"Huyo hata hanisemeshi. Nimeupenda mji huu, na nimechoka kuomba ruhusa ya kupenda."

Aligeuka, akamkuta Anselmo mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Majirani wamenipigia," akasema, macho chini. "Nilikutukana bila kosa."

"Ulinitukana sana."

"Nipige basi."

"Leo si sikukuu. Menya vitunguu."

Akamenya, machozi yakimtoka. Shangazi yake akadai si ya vitunguu.

Dalva na Deolinda walikaa humo hadi Jumapili. Deolinda alilala upande wake ule ule wa kitanda, na kila asubuhi alifagia ngazi kama mwenye mali. Siku ya mwisho akavaa pete zake, akatoka wa kwanza, kichwa juu, majirani wakimpigia makofi. Nyumba hakurudishiwa. Lakini alitoka akitembea mwenyewe, bila kusukumwa na yeyote.

Bi Patrícia alipokea ufunguo, akatoa kalamu. "Tutakuandikia barua ya malalamiko. Tutume wapi? Brazili?"

Dalva akaitazama ile kalamu. Ndege yake ilikuwa inaondoka saa hiyo bila yeye, na mji mzima hakuwa na hata dirisha moja la kuita lake.

"Andika Mtaa wa Bainharia," Anselmo akasema. "Ghorofa ya juu. Ni kwangu." Akamwashiria Dalva kwa kidevu. "Na kwake, kama atakubali kuwa mke wangu."

Deolinda akamsukuma mpwa wake kando. "Usimhimize. Mwache aseme."

Dalva alimtazama mwanamume yule, kisha mapaa mekundu yaliyoteremka hadi mtoni.

"Andika," akamwambia Bi Patrícia. "Na uandike vizuri, maana hapo sihami."